Fishi ya Mama na Fishi ya Mtoto

Nilikuwa karani wa maternite moja, nyumba ya kuzalia, mjini Kindu wakati fishi mpya, kadi za kuandikia wagonjwa, zilipotufikia. Zamani mama na mtoto wake waliandikwa mstari mmoja katika daftari kubwa. Sasa kila mmoja alitaka fishi yake, na kila ugonjwa namba yake, kutoka kitabu cha Kifaransa kinene kama tofali. Nilipenda kukibeba ili watu wanione.

Siku moja akaletwa mama anayetoka damu. Kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini, likaziba njia ya mtoto. Daktari akampasua. Wote wawili walipona, ila mtoto alitoka mdogo, amepauka, akalala siku tisa katikati ya chupa za maji ya moto. Kwenye fishi ya mama niliandika 641, namba ya damu ya kondo. Kwenye ya mtoto niliandika "mzima", kwa kuwa ugonjwa ulikuwa wa kondo.

Fishi ya mtoto ikarudi kutoka kwa mkaguzi. Enzi hizo sote tuliitwa sitwayeni, yaani raia, hata wa kunyonya. Mkaguzi aliandika kwa wino mwekundu: ikiwa sitwayeni huyu ni mzima, alikuwa anafanya nini kwenu siku tisa?

Nilimpelekea mkunga mkuu, ambaye sote tulimwita Mama Mukubwa, naye alikuwa akipima watoto uzito. Akasema kondo ni la mtoto, maana hutoka naye. Nikasema limeota ndani ya mama. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaingilia. Bibi mmoja akasema kondo ni ndugu ya mtoto, basi lipewe fishi yake.

Kwa bahati mama yule alikuwa kwenye foleni hiyohiyo, mtoto mgongoni, mumewe pembeni. Mumewe alikuwa karani wa mizigo stesheni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba ruhusa ya kusema.

"Behewa likivuja na chumvi ikalowana, mimi ninaandika mara mbili," alisema. "Kwa karatasi ya behewa: paa inavuja. Kwa karatasi ya chumvi: imelowana sababu ya paa. Nikiandika ya kwanza tu, watu wa Kalima wanaoingojea watasema chumvi yao iko muzima."

Nikafungua kitabu, mbali kabisa na kurasa za akina mama. Namba ikawemo: 762, mtoto aliyedhurika kwa matatizo ya kondo. Nikaiandika kwenye fishi ya mtoto, nikamshukuru yule baba kwa mikono miwili.

Mkewe alikuwa bado anamtazama.

"Kwa hiyo mimi njo behewa?" aliuliza.

Mumewe akageukia dirisha. Mama Mukubwa alicheka hata akaketi juu ya meza ya mizani.

Mama yule aliniomba nimsomee fishi ya mwanawe. Nikasoma. Akataka niongeze kwamba sasa ananyonya vizuri. Hakukuwa na namba ya jambo hilo, nikaliandika pembeni, kwa herufi kubwa. Wakaondoka, yeye mbele, mumewe nyuma kidogo, bila kusemeshwa.

Jioni hiyo Mama Mukubwa na mimi tulizitoa fishi zote za watoto niliowaandika "mzima". Zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani, na niliona haya. Yeye hakunigombeza. Alishika moja moja, akasoma jina la mama, akaniambia bila kufungua daftari: huyu kondo lilijitenga mapema, huyu lilikuwa dogo, mtoto akazaliwa amekonda, mtoto wa huyu hakufika asubuhi. Nikaandika.