Bi Tarehe na Umri wa Seremala

Anayesema kazi ya pensheni ni ya watu waliolala hajakutana na Bi Tarehe. Jina hilo alibandikwa na wastaafu wenyewe, maana hakuna aliyewahi kumpelekea tarehe ya kuzaliwa ya kubuni akaondoka salama. Aliingia kwenye mfuko wa pensheni akiwa karani wa kugonga mihuri, akapanda hadi kaunta ya mafao, mwishowe akawa ndiye anayetumwa viwandani kuwaeleza wafanyakazi haki zao. Mzee akimwambia, "Mwanangu, nilizaliwa mwaka wa nzige," yeye humjibu, "Nzige walikuja mara mbili, baba. Wewe ni wa wepi?"

Kasoro ilikuwa nyumbani kwake. Mumewe, seremala, hakutaka hata kusikia habari za pensheni. Miaka nenda miaka rudi alimbembeleza ajiunge na mpango wa wanaojiajiri, naye hujibu, "Pensheni yangu ni hii randa," kisha huomba chai. Mganga hajigangi, walisema wenzake ofisini, naye akacheka nao huku roho ikimuuma.

Mwaka huo ilimuuma zaidi. Mkurugenzi alikuwa anaanzisha kitengo cha kuandikisha mafundi, akamwambia bila kuzunguka: niletee mtaa mmoja wa mafundi, ukuu wa kitengo ni wako. Cheo alichokisubiri tangu enzi za mihuri! Na mtaa aliopangiwa ni upi? Ule ule wenye karakana ya mumewe. Akaenda, akahubiri mpaka sauti ikakauka. Fundi wa vyuma, ambaye ndiye msemaji wa mtaa, alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza, "Shemeji, na mwenzio ameshajiandikisha?" Wote wakarudi kwenye kazi zao.

Jioni hiyo, sahani zikiwa bado mezani, Bi Tarehe aliweka kijiko chini.

"Baba watoto, leo sikubembelezi. Kesho mkurugenzi anakuja mtaani kwenu. Akikuta meza ya kuandikisha haina mtu, cheo kinakwenda kwa mwingine. Nieleze tu, unakimbia nini?"

Seremala akakwaruza meza kwa ukucha. "Pale kwenu mnasoma kwa sauti," akasema.

Ni kweli, wanasoma. Kwenye mfuko ule, kabla mtu hajatia saini, karani humsomea taarifa zake zote, jina, kazi, tarehe ya kuzaliwa, naye hukubali kwa mdomo wake, asije baadaye akasema hakuelewa.

"Tunasoma, ndiyo. Sasa?"

"Mimi ni mdogo kwako. Miaka mitano." Akasukuma sahani kando. "Wakati ule kulikuwa na yule mwalimu mwenye pikipiki aliyekuwa anakutaka. Ukamwambia dada yangu huwezi kuolewa na mtoto. Nikajiongezea."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Huyu alitembea yake hadi mvi zikamwota. Bi Tarehe alikasirika. Watu wazima na akili zao aliwarudisha makwao wakatafute vyeti, na huyu akamkubali kwa maneno matupu, tena akamjazia mwenyewe umri wa uongo kwenye bima ya matibabu ya kazini! Na paja la kuku alilomwachia miaka yote, eti mkubwa ale vizuri? Halafu akamtazama alivyojikunyata, mtu mzima anayemwogopa mwalimu wa pikipiki mpaka leo, hasira ikamponyoka akacheka mpaka watoto wakatoka chumbani.

"Uongo wako tutauzungumza," alisema. "Ila kesho sikulazimishi."

Kesho yake meza ikawekwa mtaani, mkurugenzi kakaa pembeni. Hakuna fundi aliyesogea. Bi Tarehe alikwisha kuanza kujifariji kwamba hata kaunta nayo ni kazi, seremala alipotokea na vumbi la mbao kwenye nyusi, akaketi mbele yake. Bi Tarehe akamjazia taarifa. Ilipofika zamu ya kusoma, akainama na kumnong'oneza, "Tarehe nitairuka."

"Utaratibu ni kusoma. Soma," akajibu seremala.

Akasoma. Mwaka ulipotajwa, fundi wa vyuma alihesabu kwa vidole, akamtazama shemeji yake, akahesabu tena. "Kumbe shemeji ndiye mkubwa! Fundi ndiye aliyeolewa," akasema, na mtaa ukaangua kicheko. Masikio ya seremala yalimwiva, lakini hakuinuka.

"Nilimdanganya umri nisimkose," akasema, sauti ikafika mpaka kwa muuza rangi mwishoni mwa mtaa. "Na tarehe hiyo ndiyo ya kweli." Akatia saini.

Fundi wa vyuma akajifuta machozi ya kicheko, akavuta kigoda. "Mtu kavuliwa nguo hadharani na bado katia saini, basi hapa pana jambo. Niandike, shemeji." Wengine wakajipanga nyuma yake, wakiendelea kutaniana.

Mkurugenzi akasogea, akamwambia Bi Tarehe kwamba cheo ni chake, kisha akauliza yule wa kwanza ni nani.

"Ni mume wangu," alisema Bi Tarehe, machozi yakimlengalenga. "Ila leo ndiyo nimejua alivyonitaka."