Mapigo Kumi na Sita

Mguu wa kulia wa Milimita haukujua kukaa. Alipokuwa akisaga lenzi katika chumba cha nyuma cha duka la miwani, mguu ulipiga sakafu. Alipokuwa akila, uligonga meza mpaka mkewe akasogeza bakuli la mchuzi.

"Mumeo atatulia lini?" jirani aliuliza.

"Akifa," mkewe alijibu. "Na hata hapo, mumfunge kamba kwanza."

Jina la Milimita alipewa na wateja. Lenzi ikizidi kwa upana wa unywele, aliirudisha kwenye jiwe la kusagia, hata kama mteja mwenyewe amesimama mlangoni anasema inatosha. Mtu wa namna hiyo hapati usingizi akijua kuna kitu kimekaa upande. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akilala vizuri, kwa sababu hakujua.

Kila Jumamosi alasiri, kwa miaka hiyo yote, yeye, dada yake mkubwa na shemeji yake walipiga muziki katika ukumbi wa mtaa. Walipiga nyimbo za vijana wa miaka ya sitini, wale waliojifungia katika mabanda ya magari ya wazazi wao wakayafanya magitaa yakorome, halafu baadaye wakayafanya yazunguke kichwani kama moshi. Bendi hii haikutunga wimbo hata mmoja. Ilikopi, tena kwa adabu, kutoka kwenye santuri moja waliyoachiwa na mjomba wao. Shemeji, mwoka mikate, alishika besi. Dada alikuwa dobi, mikono yake migumu kwa kazi ya pasi, na ndiye aliyepiga drum. Milimita alipiga gitaa na kuimba maneno ambayo nusu yake hakuyaelewa.

Wimbo uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa mwisho katika santuri ile. Katikati yake gitaa lilipanda, likapanda, kisha ghafla, kama mtu aliyekosa ngazi, wimbo ukaangukia ubeti wa tatu. Hapo wachezaji wote wa ukumbini waliruka juu na kutua kwa pamoja, vikombe vikalia mezani. Watu walikuja kwa ajili ya mruko ule.

Kisha ukumbi ukapata meneja mpya. Jumatatu alimwita Milimita akamwambia kwamba Jumamosi atasikiliza bendi mbili, yao na nyingine, na kuchagua moja ya kubaki.

"Nataka nyimbo kama zilivyotoka kwa wenyewe," alisema. "Sitaki viraka."

"Kwetu hazipungui hata pigo," Milimita alijibu, kifua mbele.

Jumatano, mkutubi mmoja mstaafu alikaa dukani akisubiri miwani yake. Milimita alikuwa akisaga huku akipiga mluzi wimbo wa mruko.

"Fundi, mbona unaukata tumbo?" mama yule aliuliza.

"Nakata nini, mama?"

"Huo wimbo. Katikati yote umeimeza."

Akautafuta kwenye simu, akaiweka mezani kati ya fremu. Gitaa likapanda, likapanda, na pale Milimita alipozoea kuanguka, wimbo haukuanguka. Drum iliingia peke yake, ikaviringika mapigo kumi na sita kama mawe yanayoporomoka mlimani, ndipo ubeti ukaanza. Milimita aliomba kusikia tena. Mara ya nne, mama aliomba miwani yake.

Alipofika nyumbani aliitoa santuri, akaivaa miwani ya kukuzia. Mkwaruzo ulikuwapo, mwembamba, umekatiza mifereji pale pale. Miaka yote sindano ilikuwa ikiruka, na wao wakarithi kilema wakidhani ni urembo.

Alhamisi baada ya kazi walikutana kwa mazoezi katika stoo ya unga ya shemeji. Milimita aliwachezea wimbo mzima kwenye simu yake, kisha akasema, "Tuna siku mbili. Ni mapigo kumi na sita tu."

Dada hakuinua macho. "Tunapiga kama siku zote."

"Dada, tumekuwa tukikosea. Nami nimeshamwambia meneja hatupunguzi."

"Nani alikutuma?"

"Jaribu mara moja."

Dada alijaribu. Kwenye pigo la tisa mikono ilipishana vibaya, fimbo ya drum ikaruka ikatua kwenye gunia. Shemeji aliiokota akaipuliza unga.

"Unajua, shemeji," alisema taratibu, "mimi nitamfuata atakayeshinda. Ila nalala nyumba moja na mmoja wenu."

Hakuna aliyecheka. Dada alikaa akifuta mikono kwenye kanga.

"Mkwaruzo ni wangu," alisema. "Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nacheza karibu na gramafoni nikaigonga. Mjomba hakujua. Wewe ulikuwa hujaanza kutembea."

"Kwa hiyo uliusikia wimbo mzima? Ulijua?"

"Nilijua. Mwanzoni nilinyamaza kwa kuogopa fimbo. Tulipoanza bendi nikanyamaza kwa sababu hicho kipande kinanishinda. Ule mruko ulinifaa." Akasimama. "Sasa sikia, mdogo wangu. Jumamosi ukiingia humo utaingia peke yako. Nitaweka fimbo chini mbele ya watu, na sitazishika tena."

Ijumaa Milimita aliharibu lenzi mbili, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Akiruka kipande kile, amemdanganya meneja na ukumbi unakwenda. Asiporuka, amempoteza dada. Alitembea kutoka jiweni hadi mlangoni na kurudi, mpaka mwenye duka akamuuliza kama anapima sakafu.

Jumamosi bendi ile nyingine ilianza. Walipiga wimbo ule ule, mzima, bila doa. Lakini wachezaji waliruka kwa mazoea, wakatua mahali pasipo na ubeti, wakakanyagana, kisha wakasimama wakitazama viatu vyao. Meneja alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Zamu yao ilipofika, gitaa lilipanda. Milimita aligeuka. Dada alikuwa ameinua fimbo zote mbili hewani, hatazami mtu, na jasho lilikuwa limesimama juu ya mdomo wake. Milimita alikuwa hajawahi kumwona akiogopa.

Akaruka. Besi ikaruka naye, fimbo zikashuka, na ukumbi mzima ukatua kwa kishindo. Meneja aliandika kitu kwenye karatasi yake.

Jumatatu mchana meneja aliingia dukani.

"Uliniambia hampunguzi."

"Nilisema kabla ya kujua."

"Na mnakosea hivyo kila wiki?"

"Kila wiki. Pale pale."

Meneja alijipima fremu moja, akairudisha. "Wale wenzenu hawana kosa. Ila watu wanaumizana. Njooni Jumamosi."

Milimita hakungoja hata kuvua aproni. Alikwenda mbio mpaka kwa dobi kumpa dada habari. Mlango ulikuwa umerudishwa. Ndani, kitu kilikuwa kinapigwa juu ya meza ya kupigia pasi, haraka haraka, kikakatika. Kikaanza upya. Alisimama na ngumi yake karibu na mlango, akahesabu: saba, nane, tisa, kumi, kumi na moja. Mapigo yakaporomoka. Akasikia dada akijitukana kwa sauti ya chini, kisha akianza tena.

Milimita alishusha mkono. Alizunguka nyumba mara moja, mara ya pili, mguu wa kulia ukihesabu kila hatua, ndipo akarudi akipiga mluzi kwa nguvu, ili asikike akiwa bado mbali.