Ufagio Niliomnyima Binti Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilicheka peke yangu nyuma ya kioo. Watu wazima walikuwa wakisukuma jiwe zito lenye mpini juu ya barafu, na wenzao wawili wanakimbia mbele yake wakifagia kwa bidii. Barafu yenyewe ilikuwa safi. Mimi ndiye niliyeajiriwa kufagia ukumbi ule, kituo cha pili kwa basi kutoka kwangu, mtaa wa Hallonbergen huku Uswidi, sasa hawa walikuwa wanafagia nini?

Nilianza na vyumba vya kubadilishia nguo. Baadaye fundi mkuu wa barafu, mzee wa Kiswidi asiyependa maneno mengi, akanichukua niwe msaidizi wake. Alinifundisha kukwangua barafu kwa mashine hadi ilingane, kisha kutembea kinyumenyume na tangi mgongoni, nikinyunyiza maji. Matone yakiganda huwa vipele vidogo, na jiwe huteleza juu ya vipele hivyo. Mkono ukienda mbio, mchezo wa watu umeuharibu. Alinikemea mara nyingi, na haki alikuwa nayo.

Binti yangu Furaha, wakati huo ana miaka kumi na miwili, alikuwa akinisubiri pale baada ya shule. Kocha wa watoto alimjaribisha ufagio, akamwona anafaa, akaniletea fomu ya kujiunga na timu ya mchezo huo wa jiwe. Niliikataa. Nikamwambia binti yangu mbele ya wenzake, “Sikukimbia vita kwetu Uvira ili ukuje kufagilia Wazungu.” Aliurudisha ufagio mahali pake, na hakuniomba tena.

Miaka minne ikapita. Wiki ya mwisho kabla fundi mkuu hajastaafu, alinipa ufagio, akasukuma jiwe, akaniamuru nifagie. Kumbe kusugua kunapasha barafu joto kidogo, jiwe likaenda mbali zaidi na kunyooka.

“Likishatoka mkononi, aliyelisukuma hana neno tena,” aliniambia. “Anayefagia ndiye anayelifikisha.”

Asiyejua maana haambiwi maana. Lakini mimi maana ile nilikuwa nikiinyunyizia maji kila asubuhi. Niliona aibu, na bado sikusema kitu nyumbani. Furaha alikwisha kuzoea kunijibu kwa Kiswidi, nami nikajidanganya kwamba amesahau. Ninyi mnaoanza kazi ugenini, jambo msilolielewa liulizeni kabla ya kulidharau. Mimi sikuuliza.

Nilipostaafu, meneja alileta keki, akanitaka nisukume jiwe la kuagia. Furaha, ambaye sasa ni muuguzi katika hospitali ya Flemingsberg, alikuja moja kwa moja kutoka zamu. Nikampa ufagio, nikamwambia mbele ya wote kwamba nilimkosea.

Aliushika kitambo, akanirudishia taratibu.

“Papa, nilikusamehe zamani,” alisema. “Lakini ule mutoto mwenye alitaka kucheza, hayuko tena.”