Siku Tuliyofuta Majina ya Wauguzi

Asubuhi ile antena ya mtandao ilikuwa imezimika, na milio ya risasi za waasi ilisikika upande wa Masisi. Kituo chetu cha afya, ndani ya Walikale, kilikuwa na kompyuta moja ya mpakato, ya Linux, na mimi ndiye niliyeitunza. Muuguzi mkuu alinijia mbio.

"Kaka, futa majina yetu yote. Bakiingia hapa, batatutafuta mumoja mumoja."

Nilikasirika, maana nilijua anachoomba. Akaunti zetu zote za kuingilia zilikaa kwenye seva ya Goma. Kompyuta ilihifadhi nakala tu ya majina na maneno ya siri, kwenye folda ya /var/lib/sss/db, ili mtandao ukikatika bado ituruhusu kuingia. Ukiifuta nakala hiyo, haingii mtu mpaka Goma ipatikane. Nikamweleza. Akaniuliza kama mashine ina watoto. Yeye anao.

Nikafuta. Akaunti ya mkunga wetu, aliyeingia tangu alfajiri, niliiacha wazi, maana aliyekwisha kuingia hatolewi hata nakala ikifutwa, na humo ndimo ilimokuwa orodha ya wachangiaji wa damu na kundi la kila mmoja. Wodini tulikuwa na mama mwenye uchungu, mkulima wa maharagwe aliyekimbia kutoka Masisi kwa miguu. Niliwasihi wenzangu, kompyuta asiiguse mtu.

Mama alijifungua mtoto mzima, kisha damu ikakataa kukoma. Mkunga akaja kutafuta wachangiaji, akakuta kifuniko cha kompyuta kimefungwa. Akaifunua. Ikamdai neno la siri, akaliandika, ikamkataa kama mgeni, maana nakala ya jina lake haikuwapo tena.

"Nani amefunga?" nilifoka.

"Mimi," akasema muuguzi mkuu. "Juu ya kuchunga batri, kaka. Njo tunafanyaka kila siku."

Kweli, kwetu umeme ni wa jua, na mawingu yakitanda hakuna anayeinuka mezani bila kufunika mashine ilale, nayo ikilala hujifunga. Nilitaka kumtukana, lakini alikwisha kunipa mgongo.

Muuguzi mkuu akatoka hadi barabarani, kule kule alikokuogopa, akaanza kuita kwa nguvu zake zote: aliyewahi kutoa damu hapa aje, kuna mama anakufa. Risasi zilikuwa zimekaribia. Nilikuwa na hakika hatatokea mtu.

Wa kwanza alitoka kwenye mihogo alimojificha, matope hadi magotini. Nyuma yake wakaja wengine. Mlangoni kila mmoja alitaja jina lake kwa sauti, kisha kundi lake la damu, akakunja mkono wa shati.