Risasi Katika Beseni la Kahawa

Harufu ya kadibodi iliyolowa hunirudisha utotoni, kijijini kwetu Kamachumu. Juzi mvua ilinikuta kwenye kibaraza cha duka, njia ya kwenda Rubya, kando ya rundo la maboksi, na mashavu yakaniwaka moto kama ya mtoto.

Tata, baba yangu, alikuwa na bunduki ya marisau, ile ya risasi za punje, yenye leseni, ya kufukuzia ngedere migombani. Mwaka mmoja Alhaji mmoja wa Bukoba mjini, mwenye shamba kubwa huku kwetu, alitafuta mlinzi. Akamwita Tata na jirani yetu Rwegasira uwanjani: vigae vitarushwa juu, atakayevunja vingi apate kazi. Mawe, mama yangu, akaanza kuongelea bati za jiko kana kwamba zimeshafika.

Asubuhi ya shindano Tata alinifungulia kopo lake la risasi. "Koku, nichagulie hizi nyekundu, za punje ndogo. Zile nyingine ni za ngedere. Kigae kinataka punje nyingi, zitawanyike. Na ziwe nzima."

Sikuwahi kupewa heshima kubwa namna hiyo. Ili kujua zilizo nzima, nilifanya kama Mawe alivyotufundisha kwa kahawa: tumbukiza majini, inayoelea ni tupu, itupe. Beseni lake lilikuwa pale pale, maji bado yananukia kahawa mbichi. Nikazitia risasi, na maganda yake ya kadibodi. Zikazama zote! Nikaziacha kidogo nihakikishe, nikazifuta kwa gauni, nikampelekea nikitabasamu.

Rwegasira alivunja vigae vitatu, akashangiliwa. Tata akainua bunduki, nami nikasimama karibu kabisa na bega lake, maana niliyechagua risasi ni mimi. Badala ya mshindo ikatoka "puf", kama mtu anayezima kibatari. Kigae kikaanguka kizima majanini.

"Mzee, bunduki yako ina kikohozi!" mtu akasema, uwanja ukaangua kicheko.

"Piga nyingine, ndugu yangu," akasema Alhaji, akifuta machozi. "Usivunjike moyo!"

Tata akatoa risasi ya pili mfukoni, akaiminya. Ilikuwa laini. Akainusa, kisha akanitazama. Nikasubiri anitaje.

"Risasi zangu zimezeeka," akawaambia watu. Akaikunja bunduki, akaketi.

"Kaogopa huyo!" Rwegasira akapiga kelele. "Hata kujaribu tena!"

Hapo aibu yangu ikageuka upande usiostahili: nikamwonea aibu Tata. Kwa nini hakupiga nyingine? Nilirudi nyumbani kwa kupita katikati ya migomba, nisionekane naye. Jioni alitafuna kahawa yake polepole, akasema tu, "Risasi si buni, mwanangu." Mawe hakutaja bati tena.

Shule niliiacha mapema, nikatangatanga. Kwa muda nilipika kwenye kambi ya wawindaji, na kwa kuwa mimi huuliza kila kitu, nikamwuliza askari wa pale habari za risasi iliyolowa.

"Ikisema puf, dada, weka bunduki chini," akanijibu. "Punje huenda zimekwama ndani ya mtutu. Ukipiga nyingine juu yake, mtutu unapasuka. Unakuumiza wewe na aliyesimama karibu."

Nikaacha mwiko ndani ya sufuria. Aliyesimama karibu siku ile nilikuwa mimi, na moyoni nilikuwa nikimsihi Tata apige nyingine.