Kalenda Isiyo na Mwezi wa Nane

Kazi yangu hapa Kalemie ni mawasiliano katika shirika la misaada: natafuta picha na maneno ya kuwafanya watu watuone wazuri. Mwaka ule tulichapisha kalenda. Kwa mwezi wa nane nilichagua picha niliyoipiga mwenyewe Katanika, kwenye kambi ya waliokimbia vita. Mama kijana amempakata binti yake mdogo, na mtoto ameshika kamba ya kamera yangu, anacheka. Mama alitia kidole kwenye fomu ya ruhusa. Chini ya picha tuliandika kwamba mtoto huyu ana afya njema.

Kalenda zilipofika, muuguzi wetu aliufungua ukurasa ule, akaniambia mtoto alishakufa kwa surua, wiki tatu zilizopita.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wangu. Nilimwambia hatuwezi kumwanika marehemu ukutani ili tujisifu. Yeye alitaka tufunike maneno tu, picha ibaki. Tulibishana asubuhi nzima, na hoja nilikuwa nazo: heshima, machungu ya mzazi, jina letu.

"Kalenda bila mwezi wa nane, Papa?" aliniuliza.

Nikasema ndiyo. Nakiri nilijipenda sana siku ile.

Tulichana ukurasa ule kalenda kwa kalenda, tukazichoma kurasa hizo zote nyuma ya ofisi. Nikafuta picha yenyewe kwenye kamera na kwenye kompyuta, maana kanuni yetu ni kwamba picha iliyoondolewa haibaki popote. Kalenda zilipogawiwa, mjini walitutania kwamba sisi mwezi wa nane hatuli. Kwenda Katanika kumuuliza mama, wazo hilo halikumjia hata mmoja wetu.

Alikuja mwenyewe. Mlinzi alimfikisha mlangoni kwangu, mama ameshika viatu mkononi kwa sababu ya matope. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Papa, niliambiwa mutoto wangu iko mu kalenda yenu," alisema. "Munipatie hata moja. Sina picha yake ingine."

Nilingoja moyo wangu uchomwe. Haukuchomwa. Nilifungua droo nikijua haina kitu, nikapekua karatasi za mikutano, nikaifunga taratibu. Ukweli ulikuwa mfupi: tuliichoma kwa kukuheshimu. Niliusema kimoyomoyo mara mbili, nikaona hauwezi kutoka mdomoni mwa mtu mzima.

"Mama, picha haikutoka muzuri," nilimwambia. "Njo sababu hatukuitia mu kalenda."

Niliyasema kwa sauti ya upole, ile ninayotumia redioni. Alifikiri kidogo, akahamisha viatu kwenye mkono wa pili.

"Hakuna shida, Papa. Uso yake inaonekana?"

Nikamwambia hauonekani.