Kilio cha Mtoto Njiti

Mke wangu alijifungua kabla ya siku zake, msimu wa baridi, na baridi ya Sumbawanga haimwonei mtu haya. Tulirudi nyumbani Izia na mtoto njiti ambaye kofia yake ingeweza kuvishwa chungwa. Hospitali walisema mapafu yanakwenda vizuri, ila tumwangalie. Shida ni kwamba hakuwa akilia. Alitoa kisauti cha paka aliyefungiwa kabatini, kisha kimya, na sisi tunainama kusikiliza kama bado anapumua.

Mimi nasomea kemia, na Mungu naye ana utani wake: muda wote wa ujauzito nilikuwa naiga kwa kompyuta kitu kilekile kinachowapungukia watoto wa namna hii. Ndani ya mapafu kuna molekuli zenye tabia ya sabuni. Kichwa kinapenda maji, mkia unayakimbia, kwa hiyo zinajipanga pale maji yanapokutana na hewa, vichwa chini, mikia juu. Zikipungua, vifuko vya hewa vinanatana na kila pumzi inakuwa vita. Kwenye skrini nilizijua moja moja. Za mwanangu sikuzijua, na niliogopa sana.

Mama yangu alikuja kutoka Milepa kutusaidia. Alizitazama molekuli zangu zikitikisika kwenye skrini, akauliza, "Na za mjukuu wangu zinatosha, baba?"

"Wanasema zinaongezeka, mama."

"Wanasema," akarudia, akaenda kuchemsha maji.

Nesi alikuwa amekataza jiko la mkaa chumbani kwa sababu ya moshi. Mama, aliyelea watoto wake wote kando ya moto, akazunguka nyumba nzima kutafuta joto. Akalipata. Niliporudi kutoka dukani Milanzi, nilikuta kompyuta iliyokuwa ikikokotoa mfululizo tangu Jumapili imefunikwa soksi, kofia na vitenge vya mtoto, mpaka kwenye matundu ya feni. Ilikuwa imezimika, na ya moto kama sufuria.

Hasira zangu huwa haziko mbali, ndugu zangu wote wanajua. Nikapaza sauti. "Mama, hili si jiko. Kazi yote imepotea."

Mtoto alikuwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kama tulivyofundishwa. Akashtuka. Akavuta pumzi ndefu, uso ukamwiva, akalia. Kilikuwa kilio cha kutoka tumboni, cha kusikika kwa jirani. Akameza hewa, akaanza upya. Mke wangu akainua mkono ambembeleze.

"Mwache kidogo," mama akasema. "Tusikie."

Tukakaa watatu tukisikiliza. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Kazi ya wiki nzima ilikuwa imelala pale chini ya soksi, nami sikuwa na haja nayo. Nilitaka aendelee kulia.